Ekra mpya, herufi zilezile: namna ya kuunganisha ekra ya pikseli nyingi na kompyuta ya mezani

Mwaka jana, mwalimu anayeongoza memwari yangu alinirudishia kurasa 40 za mazungumzo niliyoyarekodi sokoni hapa Kisangani, ambako wauzaji huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Lingala. Kwenye ukurasa wa saba alikuwa ameweka duara jekundu. Mama mmoja muuza samaki alikuwa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Katika tafsiri yangu, mama huyo alikuwa akimlalamikia mtu.

Wanaojua Lingala wameshaelewa. Moto, bila alama, ni mtu. Motó, sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa. Mɔ́tɔ, kwa irabu iliyo wazi na sauti ya juu mwanzoni, ni ule moto ambao sisi kwa Kiswahili tunaupikia. Katika daftari langu la mkono alama ilikuwepo. Katika kompyuta haikuwepo, na ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara tatu kwenye ekra bila kuona upungufu wowote. Katika kurasa zile 40, alama 31 zilikuwa zimepotea. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: «Wewe unasomea nini, ndugu?» Nilidhani anauliza fani yangu. Alikuwa anauliza ekra.

Makala hii ni jibu langu kwake, na pia kwa wenzangu wa promosyo ambao tangu siku ile wamekuwa wakija kuniuliza jinsi nilivyofanya. Nitaeleza hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipokosea, kwa sababu makosa yangu yalinigharimu wiki mbili na dola kadhaa.

Kwanza neno moja juu ya maneno. Vitabu vya Afrika Mashariki husema «skrini»; sisi husema «ekra», nami nitatumia letu. Kuhusu «résolution», niliwahi kuona limetafsiriwa «azimio». Lakini azimio ni la mkutano, kama lile la Arusha la mwaka 1967. Ekra haiazimii kitu. Hapa nitasema «wingi wa pikseli», maana ndicho kinachohesabiwa.

Pikseli na inchi

Ekra ni shamba la nukta ndogo za mwanga zilizopangwa kwa safu na mistari. Kila nukta ni pikseli. Ekra yangu ya zamani, ya inchi 19, ile karibu ya mraba inayoonekana katika ofisi nyingi, ilikuwa na pikseli 1,280 kwa upana na 1,024 kwa kimo, jumla 1,310,720. Ekra ya siku hizi inayoitwa «Full HD» ina 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Ile inayoitwa «4K» ina 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400: mara nne kamili ya Full HD.

Watu wengi huchanganya wingi huu na ukubwa wa ekra. Inchi hupima mshazari wa kioo, kutoka pembe hadi pembe, na hazisemi kitu juu ya nukta zilizomo. Kwa msomaji, jambo la maana ni nukta ngapi zimo katika inchi moja. Ekra ya inchi 27 yenye Full HD ina pikseli zipatazo 82 kwa inchi. Ekra yangu ndogo ya zamani ilikuwa na 86. Kwa hiyo mtu anayeacha ekra kama yangu na kununua ile kubwa ya Full HD anapata nafasi zaidi, lakini herufi zake zinachorwa kwa nukta chache kidogo kuliko zamani. Ekra ya inchi 27 yenye 4K ina 163 kwa inchi.

Tuyalete hayo kwenye herufi. Herufi ya kimo cha pointi 12, ikionyeshwa kwa ukubwa uleule wa karatasi, inachukua sehemu moja ya sita ya inchi. Kwenye ekra ya zamani hiyo ni mistari 14 hivi ya pikseli kwa herufi nzima, pamoja na nafasi ya juu na ya chini. Alama ya sauti inabakiwa na mistari miwili, pengine mitatu. Kwa mistari miwili, alama ya kupanda, alama ya kushuka na doa la vumbi hufanana. Kwenye ekra ya 4K, herufi ileile inapata mistari 27, na alama inapata nafasi ya kuinama upande wake.

Njia ya picha

Kaka yangu aliponitumia ekra ya 4K ya inchi 27, niliamini kazi imekwisha. Nilikuwa sijajua kwamba picha inasafiri. Inatengenezwa na kadi ya picha, ambayo katika kompyuta nyingi za ofisi imo ndani ya prosesa yenyewe. Inatoka kwa tundu lililo nyuma ya sanduku, inapita katika waya, inaingia kwa tundu la ekra, na hapo ekra inaichora. Kila kituo kina kiwango chake, na kile chenye kiwango kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua utaona nini.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, geuza sanduku la kompyuta na utazame mgongo wake. Utakuta baadhi ya matundu haya:

VGA: tundu lenye vishimo 15 katika safu tatu, mara nyingi la rangi ya bluu. Lilianza mwaka 1987. Linapeleka picha kwa mawimbi ya umeme na si kwa tarakimu, na halikutengenezwa kwa ajili ya 4K. Kama kompyuta yako ina hili tu, usinunue ekra ya 4K.

HDMI: pana kidogo, pembe zake mbili za chini zimekatwa. Toleo la 1.4, la mwaka 2009, linaweza kubeba picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, linafikisha mara 60.

DisplayPort: linafanana na HDMI, lakini pembe moja tu ndiyo imekatwa. Kuanzia toleo la 1.2, la mwaka 2010, linabeba 4K mara 60 kwa sekunde.

Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha HDMI 1.4 na HDMI 2.0, tundu ni lilelile. Inabidi kutafuta jina kamili la kompyuta au la prosesa na kusoma karatasi ya mtengenezaji. Kompyuta zilizotumika zinazofika kwetu kutoka ofisi za nje mara nyingi zina DisplayPort nyuma, na kwa bahati wengi hatulitazami. Kompyuta yangu ilikuwa nayo mawili, na nilikuwa nimeyafunika kwa plastiki ili vumbi lisiingie.

Kama sanduku lako lina kadi ya picha ya pembeni, matundu yatakuwa katika makundi mawili: yale ya ubao mkuu juu, na yale ya kadi chini, yamelala kwa mlalo mwingine. Ekra ichomekwe kwenye kadi. Nimeona wenzangu wawili wakichomeka juu kwa mazoea, kisha wakilaumu ekra kwamba imekufa. Kadi inapokuwepo, mara nyingi matundu ya ubao mkuu huzimwa.

Hesabu ya mzigo

Kwa nini mara 30 au mara 60? Ekra haipokei picha moja ikatulia. Inapokea picha nzima upya mara nyingi kila sekunde. Kila pikseli inaelezwa kwa biti 24: nane za nyekundu, nane za kijani, nane za bluu. Chukua pikseli 8,294,400, zidisha kwa 24, kisha kwa 60. Jibu ni karibu miliari 12 za biti kila sekunde, bila kuhesabu mapengo yanayoachwa kati ya mistari na kati ya picha.

Sasa linganisha na njia. DisplayPort 1.2 inapitisha miliari 17 na zaidi za biti za picha kwa sekunde: mzigo unapita. HDMI 2.0 inapitisha 14 na kidogo: unapita. HDMI 1.4 inapitisha 8 na kidogo: haupiti. Lakini ukipunguza picha ziwe 30 kwa sekunde, mzigo unashuka hadi miliari 6, na unapita. Ndiyo maana mtu anaweza kupata pikseli zote, akaona herufi safi, lakini mshale wa panya unaburuta kama pirogi iliyojaa maji. Maandishi yanayopanda na kushuka yanaacha kivuli, na baada ya saa moja kichwa kinauma. Motó, si moto.

Majaribio yangu matatu

Ekra ilikuja na waya wa HDMI peke yake. Kompyuta yangu haikuwa na HDMI. Sokoni nilinunua adapta ndogo, upande mmoja DisplayPort, upande mwingine HDMI. Niliwasha. Picha ilikuja, kubwa, ya kupendeza kwa mbali. Nilipokaribia, alama zangu zilikuwa na ukungu uleule. Kompyuta ilikuwa inatuma 1,920 kwa 1,080, na ekra ilikuwa inanyoosha kila pikseli moja kujaza nafasi ya nne. Nilikuwa na nukta milioni nane zinazoonyesha habari ya nukta milioni mbili.

Nilimpelekea tatizo yaya mmoja anayetengeneza kompyuta karibu na chuo.

«Yaya, ekra hii ni ya uongo?»

«Ekra ni ya kweli, mdogo wangu. Hicho kidude chako ndicho kidogo. Toa.»

Alinieleza kwamba adapta za bei nafuu hazibadilishi chochote. Zinaomba tu kompyuta itoe mawimbi ya HDMI kupitia tundu la DisplayPort, na nyingi zimewekewa kikomo cha chini. Zipo adapta zenye chombo cha kugeuza ndani yake, ambazo zinafikisha 4K mara 60, lakini ni ghali kuliko waya wa moja kwa moja. Ushauri wake ulikuwa rahisi: DisplayPort hadi DisplayPort, waya mfupi, mita moja na nusu au mbili, bila kitu katikati. Jinsi waya unavyorefuka ndivyo unavyopaswa kuwa bora.

Huo waya ulikawia siku tisa kupatikana. Nilipouchomeka, nilipata pikseli zote, 3,840 kwa 2,160. Nilifungua ukurasa wa saba na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ɔ yangu ilikuwa wazi na o yangu ilikuwa imefungwa. Lakini mshale uliburuta. Mara 30.

Jaribio la tatu halikugharimu kitu. Ekra yenyewe ina menyu yake, inayofunguliwa kwa vibonye vilivyo chini au nyuma. Humo, chini ya mipangilio ya mlango wa kuingilia, nilikuta DisplayPort imewekwa kwenye toleo la 1.1, ambalo linapitisha biti kiasi cha nusu ya toleo la 1.2. Ekra kadhaa hutoka kiwandani hivyo ili zipatane na kompyuta za zamani. Nilichagua 1.2. Ekra ilizimika sekunde tatu, ikarudi, na mshale ulitembea. Wakati wa kuunganishwa, ekra huijulisha kompyuta mambo inayoyaweza. Yangu ilikuwa ikisema inaweza kidogo kuliko ukweli, na kompyuta iliiamini.

Mipangilio ndani ya kompyuta

Waya ukiwa sawa, fuata utaratibu huu. Naandika majina kwa Kifaransa kama yalivyo katika Windows zetu nyingi.

1. Bonyeza kwa kitufe cha kulia cha panya mahali patupu, kisha «Paramètres d'affichage».

2. Katika «Résolution d'affichage», chagua ile iliyoandikwa «recommandé». Kama 3,840 × 2,160 haimo katika orodha, usilazimishe. Rudi kwenye waya, adapta na menyu ya ekra, kisha hakikisha programu inayoendesha kadi ya picha, ile iitwayo «pilote», ndiyo ya mtengenezaji wa kadi na si ile ya jumla.

3. Katika «Paramètres d'affichage avancés», tazama «fréquence d'actualisation». Inapaswa kuwa 60 au 59 na ushee. Ukiona 30, rudi kwenye hesabu ya mzigo.

4. Ukitumia ekra mbili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. «Dupliquer» inaonyesha kitu kimoja kwa zote mbili, na mara nyingi inashusha ile kubwa hadi kiwango cha ile ndogo. Chagua «Étendre». Mimi huweka mawimbi ya sauti katika Praat kwenye ekra ya zamani na maandishi kwenye mpya.

5. Sasa herufi zitakuwa ndogo kama chungu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanashusha wingi wa pikseli ili herufi zikue, na hivyo wanatupa walichokinunua. Uache wingi ulivyo. Pandisha «mise à l'échelle» hadi asilimia 150. Herufi zinakua, lakini bado zinachorwa kwa nukta zote. Kwa asilimia 150 unabaki na nafasi ya kazi sawa na ekra ya 2,560 kwa 1,440. Kwa asilimia 200, sawa na Full HD, ila safi mara nne.

Baadhi ya programu za zamani hazielewi upanuzi huu. Windows inazipanua kama mtu anavyopanua fotokopi, na maandishi yake yanapata ukungu katikati ya madirisha mengine yaliyo safi. Katika «Propriétés» za programu hiyo, ukurasa wa «Compatibilité», kuna sehemu inayohusu PPP ambako unaweza kuamuru programu ijipange yenyewe. Zingine zitatii, zingine zitarudi na vibonye vidogo visivyoshikika. Chagua ubaya unaouvumilia.

Alama isiyo na kiti chake

Sisi wa lugha tuna jambo moja la ziada, ambalo watu wa informatiki hawatuelezi. Herufi ó ina namba yake katika Unicode, moja kamili. Lakini ɔ́ haina. Inaandikwa kwa namba mbili: ɔ, kisha alama ya kupanda inayofuata na kukaa juu yake. Ni aina ya herufi, yaani «police», inayojua alama ikae wapi. Aina isiyojua huiweka pembeni, au juu ya herufi inayofuata, au huleta kisanduku kitupu. Hilo si kosa la ekra, na hakuna wingi wa pikseli utakaolirekebisha. Charis SIL na Doulos SIL, ambazo ni za bure, zilitengenezwa kwa ajili ya maandishi ya namna hii. Ekra safi ilinisaidia kuona kwamba aina niliyokuwa nikitumia ilikuwa inaegemeza alama kulia.

Kuranti

Nyuma ya ekra kuna kibandiko kinachosema inakula wati ngapi. Kijumlishe na mahitaji ya kompyuta kabla ya kuvichomeka vyote kwenye «onduleur» moja. Yangu ilikuwa inashikilia dakika 15 na ekra ya zamani. Sasa inashikilia kidogo zaidi ya tisa, ambazo zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima. Usichomeke wala kuchomoa ekra wakati kuranti inarudi na kuondoka. Chomoa kila kitu ukutani, ngoja itulie, kisha rudisha. Na mwangaza wa ekra usiachwe kama ulivyotoka dukani, ambako umewekwa ili kuvutia wapita njia. Weka karatasi nyeupe kando ya ekra na upunguze mwangaza mpaka vyeupe viwili vikaribiane.

Kile ambacho ekra haikurekebisha

Nilisoma upya kurasa zote 112 nikilinganisha na daftari na sauti. Niliokota alama nyingine 58 zilizopotea katika kurasa ambazo mwalimu alikuwa bado hajazifikia. Niliweka memwari siku nne kabla ya mwisho.

Lakini nilipompelekea mwalimu ule ukurasa wa saba na kumweleza habari ya pikseli, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kitenzi. Mama wa samaki alikuwa amesema «ezali», si «azali». Kwa Lingala ya kusema, mtu huchukua a-, kitu huchukua e-. Hata bila alama yoyote juu ya neno «moto», kiambishi kilikuwa kinanionyesha kwamba hatuzungumzii mtu. Herufi hiyo haina alama ya kupotea. Ilikuwepo kwenye ekra ya zamani, kubwa na wazi, na sikuisoma.

Kwa hiyo katika zile 31, thelathini nazihesabu kwa ekra. Moja ni yangu.